KINYWA CHA MFUNGAJI: TUTUNZE MENO NA UFIZI RAMADHANI HII

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana na familia zao katika kuukaribisha mwezi mtukufu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliomfuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.



Mada niliyopewa ni ya meno. Najua wako watakaosema moyoni, "Mwezi wa Qur'ani huu, sisi twaletewa habari za meno?" Haya, subirini kidogo. Kinywa ndicho kisomacho hiyo Qur'ani. Ndicho kipokeacho tende ya futari, na ndicho kimwombacho Allah usiku wa manane. Mola wetu ametupa meno 32 ya ukubwani, na hayo yakishatoka hayana mengine ya kuyafuata. Jino ni amana kama ilivyo jicho na sikio.

Basi nina jambo moja ambalo nataka uondoke nalo hata ukiyasahau mengine yote. Saumu haiozeshi meno ya mtu. Yanaozeshwa na usiku wetu wa Ramadhani jinsi tunavyouendesha: tamu juu ya tamu tangu Magharibi mpaka daku, kisha tukalala bila ya kupiga mswaki. Mchana twaacha mswaki kwa hofu ya kuharibu saumu, usiku twauacha kwa uchovu na uvivu. Mwezi ukiisha, ufizi umefura, jino lauma, na sikukuu yenyewe twaila upande mmoja wa kinywa.

HARUFU YA MFUNGAJI NA UDHURU WETU

Tuanze na udhuru ambao husikika sana. Kijana aambiwa na mamake, "Mwanangu, piga mswaki." Naye ajibu, "Mama, kwani hukusikia kwamba harufu ya kinywa cha mfungaji mbele ya Allah ni bora kuliko miski?"

Ni kweli, Hadithi hiyo ipo na ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim. Lakini tuifahamu vizuri. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba harufu inayokusudiwa ni ile itokanayo na tumbo tupu, kwa sababu mtu ameacha kula na kunywa kwa ajili ya Mola wake. Na elimu ya tiba nayo yasema karibu na hivyo. Mtu akikaa bila chakula, mwili huanza kutumia mafuta uliyoyaweka, na pumzi yake hubadilika harufu. Mate nayo hupungua, kinywa kikakauka. Harufu hiyo mswaki hauiondoi yote, kwa sababu chanzo chake hakiko kwenye jino.

Ama harufu ya nyama ya jana iliyobaki kati ya magego mawili, au ya ufizi wenye usaha, hiyo si harufu ya saumu, ndugu yangu. Hiyo ni harufu ya uchafu, na inakuwako Ramadhani na Shaaban sawasawa. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kibichi asiukaribie msikiti wakati harufu ingalipo, ili asiwaudhi wenziwe. Sasa wewe wasimama Taraweh bega kwa bega na ndugu yako, huyo jirani yako kwenye safu hana haki?

JE, MSWAKI WAHARIBU SAUMU?

Hili ni swali linaloulizwa kila mwaka, na ni vizuri tulijibu kwa utaratibu.

Neno lenyewe "mswaki" tumelipata kutokana na Kiarabu, "miswak". Kabla ya miswaki ya plastiki kufika madukani, mababu zetu wa Lamu, Mombasa na Malindi walijua mswaki ni kijiti cha mti. Sunna yake ni kubwa. Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, angeliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila Sala. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Wala hakusema "isipokuwa mkifunga". Na sahaba Amir bin Rabia (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Tirmidhi, kwamba alimwona Mtume akipiga mswaki hali amefunga, mara nyingi asizoweza kuzihesabu.

Wengi wetu hapa pwani twafuata madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), na katika madhehebu hayo kauli mashuhuri ni kwamba ni karaha kwa mfungaji kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, yaani baada ya Adhuhuri kuingia. Ni karaha, haikusemwa kuwa yabatilisha saumu. Na hata miongoni mwa wanazuoni wa Kishafi wenyewe wapo walioona kuwa hakuna karaha yoyote. Basi anayeishika kauli ya kwanza, asubuhi yote ni yake, na usiku wote ni wake. Wala tusigombane msikitini kwa ajili ya kijiti.

Dawa ya meno je? Wanazuoni wengi wa zama zetu wameiruhusu mchana wa Ramadhani kwa sharti mtu asiimeze. Lakini ina ladha kali na hushuka upesi kooni, kwa hivyo salama zaidi ni kuitumia usiku. Na usiku, kama tutakavyoona, ndio wakati meno yanapoihitaji zaidi.

Kuna pia wenye kuumwa na jino mchana wakavumilia mwezi mzima, ati wamefunga hawawezi kwenda kwa daktari. Mwaka 1997, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah na kuliangalia jambo hili pamoja na madaktari. Likapitisha kwamba kutoboa jino kwa ajili ya kuliziba, kung'oa jino, kusafisha meno, na kutumia mswaki wa kijiti au wa brashi, yote hayo hayafunguzi, maadamu mtu atajihadhari asimeze kinachofika kooni. Basi udhuru huo nao umekwisha. Ukiweza kwenda usiku au kungojea siku mbili tatu bila ya madhara, ni hiari yako. Lakini jino lenye usaha haliulizi kalenda.

KINACHOTENDEKA NDANI YA KINYWA

Sasa hebu tuingie kinywani. Usinione naingia sana kwenye sayansi. Ukilijua hili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Pitisha ulimi juu ya meno yako sasa hivi. Ukihisi utelezi au ukakasi kama wa ukungu, huo ndio ukoga. Ukoga ni utando laini wa vijidudu vilivyoshikana na jino. Vijidudu hivyo vinakula unachokula wewe, na vinapenda sukari kuliko kitu chochote. Vikishapata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo hulila gamba gumu la nje la jino. Kila unapotia kitu kitamu mdomoni, shambulio hilo huendelea kwa takriban nusu saa. Kisha mate huja kuiosha ile asidi na kulirudishia jino madini yake. Mate ni rehema ya Mola wetu. Ni dawa itiririkayo bure.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyekula haluwa vipande vitatu kwa mara moja, pamoja na kahawa yake, jino lake limeshambuliwa mara moja. Mwenzake aliyekula vipande vivyo hivyo vitatu, kimoja saa mbili, kimoja saa nne na kimoja saa sita za usiku, ameshambuliwa mara tatu, na mate hayakupata nafasi ya kufanya kazi. Sukari ni ile ile. Kilichotofautiana ni idadi ya safari.

Na usiku wetu wa Ramadhani umejaa safari. Magharibi: tende, sharubati, kaimati zilizorovywa shira, mkate wa sinia. Baada ya Taraweh: soda barazani, na kashata mkononi. Baadaye tena chai na mahamri. Daku: chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, au wali uliobaki na ndizi za kupika kwa nazi na sukari. Kisha nini? Alfajiri, Sala, na mtu ajitupa kitandani na chai ile bado i kwenye meno.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Sisi tulio karibu na ikweta hufunga takriban saa 13 na nusu. Mtu aliyelala bila ya kusafisha kinywa baada ya daku ameacha sukari juu ya meno, mate yamepungua kwa usingizi, na kutwa hatakunywa maji ya kuyaosha. Ni kama mtu aliyefunga duka jioni akawaacha wezi ndani.

UFIZI UTOKAO DAMU

Meno yakioza huuma, na maumivu humpeleka mtu kwa daktari. Ufizi ni tofauti. Ufizi huugua kimya kimya, na alama yake ya kwanza ni damu unapopiga mswaki, au damu kwenye embe uliloliuma.

Wengi wakiona damu hufanya kinyume cha inavyotakiwa. "Naona mswaki waniumiza, bora niuache." Na mfungaji huogopa zaidi, asije akameza damu. Ndugu yangu, ufizi ulio mzima hautoki damu kwa kupigwa mswaki taratibu. Unatoka damu kwa sababu ukoga umekaa mpakani mwa jino na ufizi, nao umefura kwa kupigana nao. Ukiacha mswaki, ukoga waongezeka, ufizi wafura zaidi, damu yazidi. Ama saumu yako, ukiitema damu usiimeze kwa makusudi, iko salama inshallah.

Mwaka 1965, mtaalamu mmoja aitwaye Harald Löe na wenzake huko Aarhus, nchini Denmark, walifanya jaribio rahisi sana. Waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 kwa wengine, na 21 kwa waliochelewa zaidi, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Hakubaki hata mmoja. Kisha wakaambiwa waanze tena kupiga mswaki. Baada ya takriban wiki moja fizi zao zikarudi kuwa nzima.

Hebu tulitie akilini jambo hili. Siku 21 zilitosha kuugonjesha ufizi wa kila mmoja. Ramadhani ni siku 29 au 30. Kijana anayeacha mswaki kwa mwezi mzima afanya jaribio lile lile, tena marefu zaidi, na kwa sukari nyingi zaidi. Lakini pia tazama rehema iliyomo: wiki moja tu ya usafi na ufizi umepona. Mlango wa kurudi uko wazi.

Uko wazi, lakini haubaki wazi milele. Ukoga usioondolewa hushika ugumu kama chokaa, ukawa wa manjano au mweusi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Huo hauondoki kwa mswaki hata usugue vipi. Ni lazima ukwanguliwe na mtaalamu wa meno. Ukiachwa miaka, ugonjwa huteremka chini ya ufizi na kuula mfupa ulioshika jino. Jino huwa refu, hulegea, hucheza, mwisho latoka lenyewe bila hata tundu. Na mfupa ulioliwa haurudi. Wazee wetu wengi walio na mapengo leo, meno yao hayakuoza. Yaliangushwa na ufizi.

Na tusidhani ni tatizo la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulikuta zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 waliopimwa wana fizi zinazotoka damu. Yaani ukiwatazama watu kumi waliokaa nawe kwenye mkeka wa futari, karibu wote.

Wenye ugonjwa wa sukari nawaomba wasikize zaidi, maana ugonjwa huu umeingia majumbani mwetu mwingi. Sukari ikipanda mwilini, ufizi huugua upesi na hupona kwa shida. Na ufizi ukiugua, nayo sukari huwa ngumu kuidhibiti. Yasaidiana kwa ubaya. Basi mwenye kisukari asimfiche daktari wake habari ya ufizi, na amwulize vile vile kama afunge au asifunge, kwani Allah hakutuwekea uzito katika dini. Na mama mja mzito akiona ufizi watoka damu, asiseme "ni mimba tu." Mimba huufanya ufizi uwe mwepesi kufura, kwa hivyo mswaki wataka kuzidishwa.

RATIBA YA KINYWA KATIKA RAMADHANI

Sasa tufanye nini? Nimeipanga kwa saa, kila mtu aibandike jikoni kwake.

1. Wakati wa kufuturu. Funguza kwa tende na maji kama ilivyo Sunna, kisha sukutua kinywa chako vizuri. Udhu wa Sala ni fursa: kusukutua mara tatu kwa Sala tano ni mara 15 kwa siku. Mchana sukutua bila kuzidisha maji yasije yakateremka. Usiku sukutua kwa nguvu, uyazungushe kila pembe.

2. Vitamu vile pamoja na chakula. Ikiwa ni kaimati, ikiwa ni haluwa, ile kwa kikao kimoja, umalize. Baada ya Taraweh kinywaji chako kiwe maji. Kahawa tungu nayo haina neno.

3. Ukinywa maji ya ukwaju, ya limau au soda, usikimbilie mswaki papo hapo. Asidi yake hulilainisha gamba la jino kwa muda, na ukisugua wakati huo waliparuza. Sukutua kwa maji, ngoja kiasi cha nusu saa, kisha piga mswaki.

4. Kabla ya kulala usiku. Piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, muda wa dakika mbili. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ifanye kazi. Floraidi ndiyo inayolipa jino nguvu ya kuihimili asidi.

5. Baada ya daku. Hii ndiyo nguzo. Ukiweza kufanya moja tu katika yote niliyosema, fanya hii. Amka dakika kumi kabla ya wakati uliozoea, ili baada ya kula upate nafasi ya kupiga mswaki kwa dawa kabla ya alfajiri kuingia. Hapa tema vizuri, usukutue kidogo, ili uingie kwenye saumu bila ya wasiwasi wa ladha.

6. Mchana. Tumia kijiti cha mswaki bila dawa, kwa mujibu wa kauli unayoifuata.

NAMNA YA KUSUGUA

Wengi wetu twasugua meno ya mbele kwa nguvu kama tunaosha sufuria, tukasahau magego. Sivyo. Chagua mswaki wenye nywele laini. Uelekeze pembeni, nusu ukiwa kwenye jino na nusu kwenye ufizi, uzungushe polepole. Nje, ndani na juu pa kutafunia, kila jino. Malizia kwa ulimi. Mswaki uliotanuka nywele umekufa, ubadilishe. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu. Na kila mtu awe na wake. Nyumba nyengine bado mume na mke, au ndugu wawili, wana mswaki mmoja. Mapenzi yako mahali pengine, si hapo.

Na kijiti chetu cha mswaki? Mti wake waota katika sehemu kavu za nchi yetu, na vijiti huuzwa karibu na misikiti mingi. Kikitumiwa vizuri huondoa ukoga barabara. Kata ganda kiasi cha sentimita moja, utafune mpaka nyuzi zitoke kama brashi. Sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Usisahau ndani na nyuma, maana huko ndiko kijiti hufika kwa taabu. Nyuzi zikichakaa, zikate utoe mpya. Usikiweke mfukoni pamoja na sarafu na funguo kisha ukakitia mdomoni. Lakini kijiti hakitoshi kuchukua mahali pa dawa yenye floraidi usiku. Vitumie vyote viwili.

Makaa ya kusaga, jivu na mchanga viacheni. Hung'arisha leo na kulikwangua gamba la jino kesho. Vile vile wako ndugu zetu waliokulia sehemu za Bonde la Ufa, mfano Nakuru na Naivasha, wenye meno yenye rangi ya kahawia. Hiyo yatokana na floraidi nyingi mno katika maji ya huko walipokuwa wadogo, si uchafu. Tusiwacheke.

KWENU VIJANA

Nitasema na hili hata kama litawachukiza wengine. Baada ya Taraweh kuna baraza za muguka na miraa mpaka daku. Majani yale hukaa shavuni saa nyingi, ufizi wa upande huo ukaumia na kurudi nyuma, kinywa kikakauka. Na kwa kuwa ni machungu, mtu huyateremshia soda na chingamu za sukari usiku kucha. Hizo ni zile safari tulizozitaja, sasa si tatu, ni thelathini. Kisha kuna kuberi na ugoro uwekwao chini ya mdomo, na tambuu. Watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamethibitisha kuwa tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa, na hata popoo iliyomo ndani ya tambuu, bila ya tumbaku, nayo ni hivyo hivyo. Ukiona kidonda mdomoni au alama nyeupe au nyekundu isiyoondoka baada ya wiki mbili, usingoje. Nenda ukaonekane.

Mwezi huu mchana kutwa umeweza kuviacha. Aliyeweza saa 13 aweza na saa zilizobaki.

KWENU WAZAZI

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Yaanza kutoka akiwa na umri wa takriban miezi sita, na jino la kwanza likitokeza, mswaki nao uanze. Chini ya miaka mitatu, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Mpigishe wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Mtoto anayeweza kujifunga kamba za viatu ndiye aanzaye kuweza mswaki vizuri.

Na tafadhali, usimlaze mtoto na chupa ya uji au maziwa ya sukari mdomoni.

Jengine ambalo wazazi wengi hulikosa: mtoto akifika miaka sita, hutokeza gego nyuma kabisa, bila ya jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni jino la utoto, akasema "litang'oka tu." Halitang'oka! Hilo ni gego la ukubwani, ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni, na ndilo linalooza mapema kwa sababu hakuna aliyelijali. Leo usiku, muite mtoto wako karibu na taa, mfungue kinywa, ulitazame.

Mtoto anayejifunza kufunga apewe na zawadi isiyokuwa peremende. Mnunulie mswaki mpya kwa ajili ya Idi.

JINO LIKISHAUMA

Karafuu huituliza maumivu, hilo ni kweli, lakini haliponyi tundu. Usiweke tembe ya maumivu juu ya ufizi, huuchoma. Wala usithubutu kutia maji ya betri, kama wafanyavyo wengine. Na dawa za vijidudu za kununua tembe mbili tatu dukani huficha ugonjwa, haziuondoi.

Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi, na jino likabaki. Tunaongoja mpaka lisituwache kulala, huwa hatuna la kumwambia daktari ila "ling'oe." Hospitali za kaunti zina idara za meno, kama ile ya Hospitali Kuu ya Pwani tuiitayo Makadara. Nenda uangaliwe hata kama huumwi.

Lakini sikiza hili kwa makini. Jino lililooza likivimbisha shavu au chini ya kidevu, na mtu akashikwa na homa, akashindwa kufungua mdomo, kumeza au kuvuta pumzi, hiyo ni hatari ya maisha. Usaha wa jino waweza kuteremka shingoni ukaziba njia ya hewa. Usimngojee asubuhi, usingojee futari. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

MWISHO

Ndugu zangu, katika saa za mwisho za uhai wa Mtume wetu (S.A.W.), akiwa ameegemea kifua cha Bi Aisha (R.A.), aliingia Abdurrahman bin Abubakar (R.A.) na mswaki mkononi. Mtume akautazama. Bi Aisha akafahamu kuwa autaka, akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, akampa. Akaupiga vizuri kuliko alivyowahi kumwona akiupiga. Imepokewa na Bukhari. Yuko katika sakarati, na bado ataka kukutana na Mola wake kinywa kikiwa safi.

Sisi tuna afya, tuna maji, na dakika mbili baada ya daku zatushinda?

Tuanze usiku wa kwanza. Baba awaongoze wanawe, ndugu mkubwa amkumbushe mdogo, na mke amkumbushe mume naye asikasirike. Nyumba nzima isimame kwenye sinki au kwenye kata ya maji, wapige mswaki, kisha watie nia. Ufizi uliokuwa ukitoka damu, kabla ya wiki mbili utaona tofauti inshallah.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Zisafishe ndimi zetu na uwongo na usengenyaji, kama tunavyojitahidi kuvisafisha vinywa vyetu. Wape shifaa wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utufikishe Idi tukiwa wazima na wenye furaha. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.